Mama Video na Filamu Iliyochelewa

Miaka yote niliyomfahamu, Mama Video aliipa runinga mgongo. Kibanda kilikuwa chake, benchi zake, jenereta yake, lakini filamu hakutazama. Alikaa kwenye kigoda mbele kabisa, chini ya runinga, akiwaelekea watazamaji kama mwalimu anayesimamia mtihani. Mwanga wa filamu ulimpiga kisogoni na kumulika nyuso za watu, naye alizitazama nyuso hizo moja moja mpaka mwisho. Wageni waliofika machimboni kwa mara ya kwanza walidhani ni kipofu. Wakiona jinsi anavyomkamata mtu aliyeingia kwa kunyata bila kulipa, walibadili mawazo.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hageuki. Akasema, "Hadithi naisikia, Fundi. Nikigeuka nitaona watu nisiowajua."

Fundi ndiye mimi. Nilikuwa na meza ya kutengeneza simu na redio ubavuni mwa kibanda chake, katika kambi ya wachimbaji wadogo, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kewanja. Kati yangu na yeye palikuwa na turubai jeusi tu. Miaka ile dhahabu ilikuwa imeonekana mahali ambapo jana yake palikuwa shamba la mihogo, na watu wakamiminika kutoka kila upande: Wakurya wa hapohapo, Wajaluo, Waikoma, Wasukuma, wafanyabiashara Waislamu wa Tarime na Mugumu na marobota yao ya vitenge. Pakawa mji kabla hapajawa na choo. Mchana jua lilichoma, ila ndani ya kibanda cha Mama Video kulikuwa na giza la turubai, na wachimbaji waliotoka zamu walikaa humo na vumbi la mawe usoni, weupe kama watu waliopakwa majivu. Ukiingia ghafla kutoka nje ulihitaji muda kidogo kuamini kwamba ni watu wazima wenye uhai.

Filamu zilizojaza kibanda zilikuwa za jasusi mmoja wa Kizungu. Zilianza kutengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hazikuisha. Jasusi alikuwa yuleyule, ila mwigizaji akizeeka aliletwa mwingine, na wote waliomzunguka kwenye filamu waliendelea kumwita kwa jina la zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Wachimbaji wazee walikuwa na jasusi wao na vijana walikuwa na wao, na niliwahi kuona watu wakikunjana mashati kwa sababu ya sura ipi ni ya kweli. Mama Video aliwaamua kwa neno moja. "Sura si kitu," alisema. "Mtu ni sauti."

Na sauti ya jasusi, kwa kambi yetu, ilikuwa ya mumewe.

Mumewe tulimwita Mtafsiri. Filamu ikisema Kiingereza, yeye alisimama pembeni ya runinga na maiki, akaweka Kiswahili juu yake. Hakutafsiri kwa maana ya kamusi. Jasusi wake alizungumza kama mtu wa Tarime. Wakati Mzungu amemnyooshea adui bastola, Mtafsiri alimsemea, "Mura, weka silaha chini, tuongee kama watu waliotahiriwa," na kibanda kilitingishika kwa vicheko. Lakini kwenye mahali pa huzuni hakutania. Alikuwa na sauti nzito, ya polepole, yenye mkwaruzo kidogo, na kabla ya kuanza alivuta pumzi ndefu karibu kabisa na maiki, akasafisha koo mara moja. Pumzi ile ilikuwa kengele yetu. Watu walinyamaza wote. Kila filamu aliyoitafsiri aliirekodi kwenye sidii, ili siku akiumwa mkewe asikose la kuonyesha.

Siku duara la jirani, shimo la wachimbaji, lilipotema dhahabu, kambi nzima ilipagawa. Wapishi waliacha sufuria motoni. Mtafsiri, ambaye hakuwahi kushika sululu, alivua viatu vyake vizuri akavaa vya mpira. Nilimsikia kupitia turubai akimwambia mkewe, "Nashuka kidogo tu na mimi nipate sehemu yangu. Jasusi mpya akitoka atanikuta nimeshapanda." Wakati huo ilishatangazwa kwamba filamu mpya ya jasusi iko njiani. Mama Video alimjibu asichelewe kula.

Mchana ule mvua ilinyesha ya kufunga macho, na ndani ya duara matimba yaliyoshikilia kuta yaliachia. Waliotolewa walitolewa, wengine wazima, wengine wamefunikwa blanketi. Mtafsiri hakuonekana. Mmoja wa walionusurika alisema alikuwa nyuma yake kwenye kamba. Mwingine akaapa kwa Mungu kwamba siku ile hakumwona Mtafsiri hata mdomoni mwa duara. Walichimbua mpaka mwenye duara akasema wakiendelea wataua na waliobaki. Duara likajazwa kifusi.

Mama Video alisimama pale tangu mvua ilipokatika mpaka kifusi kilipolingana na ardhi. Hakulia. Alirudi kibandani, akawasha jenereta, akaweka sidii ya kwanza ya jasusi. Kupitia turubai nikasikia ile pumzi ndefu na koo likisafishwa, kisha sauti ya Mtafsiri ikaanza kazi. Kambi nzima ilisikia. Wengine walisema ni ukatili, wengine walisema amechanganyikiwa, lakini waliingia na kukaa.

Tangu siku hiyo kila siku nilifanya kazi huku mtu aliyefunikwa na mlima wa mawe akizungumza ubavuni kwangu.

*

Sitaki mtu afikiri alikuwa mwanamke wa huzuni. Alikuwa mcheshi, mkali, na mbishi. Mlevi akileta fujo alimkamata mkanda wa suruali akamtoa nje bila kupandisha sauti. Alikuwa Msabato wa kweli, na Ijumaa jua likizama alitia kufuli mlangoni mpaka Jumamosi jua lizame tena. Wachimbaji walilalamika, kwa maana Jumamosi ndiyo siku waliyokuwa na nafasi. "Hata majasusi wanapumzika," aliwajibu. Mzee wa kanisa alimwita akamuuliza anawezaje kushika Sabato kwa mkono mmoja na filamu za bunduki kwa mkono mwingine. Alimjibu, "Mzee, mimi filamu sijawahi kuitazama hata moja. Waulize waliotazama." Mzee wa kanisa, ambaye naye alishaonekana kwenye benchi la nyuma, hakurudia swali hilo.

Alikuwa mchoyo wa kupigiwa mfano. Chai yake aliipunguza sukari mpaka ukaona ni maji yaliyosikia habari za sukari. Ila mtu yeyote aliyefiwa na mwenzake duarani aliingia bure, akae anapotaka, atoke anapotaka. Hakuwahi kutangaza utaratibu huo. Alimtazama mtu usoni mlangoni, akasogea kando.

Jambo moja lilimkasirisha kuliko yote: mtu kusimulia mwisho wa filamu. Nilimwona akimfukuza mteja mzuri, mtu wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, aliyekuja kila siku, kwa sababu alisema kwa sauti kwamba yule mwanamke wa kwenye filamu atakufa. "Nani kakwambia atakufa?" alimuuliza akiwa amesimama. "Wewe ulimuona akizikwa?" Yule mtu alicheka akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka.

Kila asubuhi, kabla sijapanga vifaa, alitokea na kikombe cha chai yake ile.

"Fundi, habari za asubuhi. Wanasemaje?"

Nilijua anauliza nini. Mtandao haukushika kwenye meza yangu, hivyo nilipanda juu ya rundo la kifusi lililobaki kando ya duara, nikainua simu, nikasoma habari za filamu. Mwanzoni habari zilikuwa nzuri, mwezi umetajwa na mwigizaji ameonekana akipiga picha. Halafu waliokuwa wakiitengeneza walikosana, mwongozaji akaondoka, ikasogezwa mbele. Ikatajwa tarehe nyingine. Halafu ukaja ule ugonjwa uliofunga majumba ya sinema ya Ulaya, ikasogezwa tena, na tena. Kila niliposhuka kwenye kifusi na habari ya kuahirishwa, nilitegemea kumwona amevunjika moyo. Badala yake alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Wanamngoja," alisema.

"Wanamngoja nani, mama?"

"Mwenye sauti. Watatoaje filamu na mwenye sauti bado hajapanda?"

Alisema kwa utulivu, kama anayezungumzia gari lililosimama kumngoja abiria. Siku zilivyokwenda, nakiri, nilianza kuogopa kupanda kile kifusi, maana kila safari Wazungu walikuwa wakikubaliana naye.

Habari moja tu ndiyo iliyomtisha. Iliandikwa kwamba mwigizaji wa sasa anaacha baada ya filamu hiyo, na wenye filamu hawajamtafuta mwingine, wala hawajui lini watamtafuta. Vijana wa kibandani walifurahia sana mjadala huo. Mmoja alitaka jasusi ajaye awe Mwafrika, mwingine alitaka awe mwanamke, wa tatu akasema wachukue Mkurya kwa sababu haogopi kitu. Mama Video aliwaacha wabishane, kisha akaja mezani kwangu.

"Kwa hiyo huyu akiondoka, na mwingine hajaja, jasusi anakuwa wapi?"

"Hayupo, mama. Filamu zinakaa tu."

"Lakini hajafa."

"Hajafa."

"Wala hayuko hai."

Nilimwambia ni filamu tu. Alinitazama kwa muda, kwa namna alivyotazama nyuso za watu kibandani, akarudi kuwasha jenereta.

*

Jamaa za Mtafsiri walikuwa watu wa Busawe, upande wa Serengeti, wakulima wasio na habari na sinema. Alikuja baba yake mdogo, mzee mrefu mwenye kofia ya pama na fimbo, pamoja na wazee wengine. Walikaa kwenye benchi za kibanda mchana, runinga imezimwa, na kwa kuwa mimi ni jirani, Mama Video aliomba niwepo. Nilisalimia shikamoo kwa kila mmoja, wakaitikia wakiwa wanaangalia ile runinga kama mtu anavyoangalia mbwa asiyemjua.

"Mke wetu," baba mdogo alianza, "tumekuja tena. Mtoto wetu yuko ardhini hajazikwa. Ng'ombe wawili wametupa mimba. Watoto wa nyumba ile wanashtuka bila sababu. Mtu asiyezikwa anazunguka, na akizunguka anarudi kwao. Tupe ruhusa tuzike hata shina la mgomba, mambo yaishe."

"Baba, aliniambia atakuwa amepanda filamu mpya ikitoka," Mama Video alisema. "Hakuwahi kunidanganya, na mimi sitakuwa mtu wa kumfanya mwongo. Filamu ikija naye asije, nitakuja mwenyewe Busawe, mtanionyesha pa kulilia."

Wazee walisemezana kwa lugha yao. Nilijua wanaweza kuzika bila yeye. Wangeweza pia kumnyang'anya kibanda na kumrudisha kwao Susuni, na hakuna mtu wa kambi ambaye angewazuia. Nadhani waliyemwogopa si yeye. Walimwogopa Mtafsiri, kwamba kweli alisema neno hilo na hawakutaka kulivunja.

Baba mdogo akanigeukia. "Kijana, hiyo filamu inakuja lini?"

Nilimtajia mwezi niliousoma.

"Baada ya mavuno, basi," akasema. "Tungoje."

Kuanzia hapo mzee yule akawa ananipigia simu. Hakuuliza habari za nyumbani wala za kazi. "Wazungu wanasemaje?" Nikimwambia imeahirishwa, nilisikia fimbo yake ikigonga chini.

"Tena?"

"Tena, mzee."

"Hao watu hawajui kwamba kuna mtu anangoja kuzikwa?"

Ilifika mahali wazee wote wa ule upande wakawa wanafuata habari za filamu ambayo wasingeitazama kwa hiari. Nilisikia kwamba harusi moja ilisogezwa, kwa kuwa haikuwa vizuri kucheza ngoma kabla ya mazishi, na mazishi hayakuwa na tarehe kabla ya Ulaya kusema.

Katika muda huohuo likatokea jambo la duara la pili. Mchimbaji mmoja, Mjaluo mtu mzima, asiyependa utani wala pombe, alikuja mezani kwangu akakaa. Simu yake ilikuwa nzima.

"Fundi, spika za huyu mama zina nguvu kiasi gani?"

"Za kawaida. Kwa nini?"

"Zinaweza kufika chini? Kule tunakochimba?"

Nikamwambia sauti hupita kwenye mwamba, inawezekana. Akashusha pumzi, akacheka kidogo. "Basi ni hizo. Maana tunamsikia Mtafsiri kule chini, ukutani, mkono wa kulia. Anaongea polepole. Vijana wameacha kazi wote, nikawaambia nyie ni watoto, hizo ni spika."

Alipokuwa akisema, macho yake yalikuwa yamehamia kwenye mlango wa kibanda, akaliona kufuli. Ilikuwa Jumamosi.

"Mmemsikia lini?" nikamuuliza.

"Sasa hivi," alisema. "Ndiyo nimepanda."

Alihama kambi kabla ya jua kuzama. Habari hazikosi miguu, na Mama Video alizipata akitoka kanisani. Watu walijikusanya wakitarajia atapiga kelele, ataomba duara lifukuliwe. Aliuliza kitu kimoja tu, amesema nini? Hakuna aliyejua. Waliosikia walisema maneno hayakushikika, ilikuwa ni sauti tu. Akaingia ndani kupakua chakula.

*

Filamu ilifika kwa mkono wa kijana wa Kikenya aliyetuletea sidii kutoka Sirari. Alishuka kwenye pikipiki akipunga mfuko.

"Mama, hatimaye! Manze, hii ni safi kabisa, si ile ya kushutiwa na simu ndani ya sinema. Imetoka, watu wote wanaitafuta!"

Mama Video aliipokea kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mpigie mzee."

Walikuja Jumapili mchana, kweupe, wazee wa Busawe kwenye benchi la mbele na fimbo zao katikati ya magoti. Wachimbaji walijaa mpaka nje, wakachungulia kwenye matundu ya turubai. Mama Video alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alichukua maiki ya mumewe, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaisimamisha kwenye stendi yake pembeni ya runinga, mahali pale alipokuwa anasimama.

"Washa," aliniambia.

Nikawasha maiki, nikawasha deki. Yeye akakaa kwenye kigoda, mgongo kwa runinga.

Ilikuwa filamu ya kwanza ya jasusi tuliyoitazama bila Kiswahili. Watu walioipigia kelele miaka yote walikaa kama wako kwenye ibada. Kiingereza kilipita juu yetu. Magari yalipinduka, nyumba zikaungua, na hakuna mtu aliyesema hata "ee". Hatukuwa tunatazama filamu. Tulikuwa tunaitazama ile maiki.

Katikati hivi, jasusi alikaa peke yake kwenye chumba, akainua uso, akawa anataka kusema. Ndipo kwenye spika ikasikika pumzi ndefu ikivutwa, karibu sana, na koo likasafishwa mara moja.

Mimi nilikuwa nimeshika waya wa maiki. Ulikuwa mzima. Mlango ulikuwa umefungwa, upepo haukuwepo, na hakuna aliyekuwa karibu na stendi ile. Zaidi ya hayo sina la kusema.

Mama Video aligeuka. Hakuitazama runinga, aliitazama maiki. Jasusi alisema maneno yake kwa Kiingereza, na hakuna sauti nyingine iliyokuja juu yake. Tulingoja naye. Tulingoja filamu yote iliyobaki, na hapo ndipo nilipoiona sura yake ikizeeka, kidogo kidogo, mbele ya macho yangu, mpaka majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye kioo.

Baba mdogo alivua kofia yake.

"Amefika," alisema. "Ameshindwa kuongea. Zimeni, tumzike."

Walimzika Busawe. Ndani ya jeneza hawakuweka shina la mgomba. Mama Video aliweka sidii zote alizorekodi mumewe, hakubakiza hata moja, na juu yake akalaza maiki. Waliobeba walisema lilikuwa zito, lakini waliobeba jeneza husema hivyo siku zote. Udongo wa kwanza ulipoanguka alilia, kilio kikubwa, cha mtu aliyekuwa amekihifadhi, na wazee wale walisimama wakamwacha alie mpaka akamaliza mwenyewe. Alipomaliza, baba mdogo alimpa maji ya kunawa.

Hakufungua kibanda tena. Benchi aliuza, jenereta akauza, akahamia Mugumu akaanza duka la vyombo. Baadaye dhahabu nayo ilihama, kama ilivyo kawaida yake, na kambi ikafa. Mimi nikapata chumba Tarime mjini.

*

Nilikuja kumwona tena stendi ya Tarime, asubuhi, akiwa na marobota ya sahani na sufuria aliyofuata kwa wauzaji wa jumla. Amenenepa kidogo, na nywele zimeanza mvi. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha, akaniulizia mke na watoto. Nilimwambia kwa utani kwamba wenye filamu wametangaza jasusi anaendelea, wanatafuta mtu mwingine, ila hawajasema lini.

"Na waendelee," alisema akicheka. "Wana kazi yao."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likininyima usingizi, na mtu wa kuambiwa alikuwa ni yeye.

"Mama, wiki iliyopita nilivuka mpaka wa Sirari kufuata vioo vya simu. Nilipita kwenye kibanda cha video upande wa Kenya. Walikuwa wanaonyesha jasusi kwa Kiswahili."

Alikuwa akikaza kamba ya robota, akaiachia.

"Ilikuwa sauti yake," nikasema. "Na filamu ilikuwa ile mpya. Ile tuliyoitazama bila Kiswahili."

Alikaa juu ya robota moja, polepole. Pembeni yetu mpiga debe alikuwa akiita, "Sirari, Sirari, bado wawili! Mama, unaenda Sirari?"

"Ulimwona mtu?" aliuliza.

"Hapana. Ilikuwa ni sidii. Mwenye kibanda alisema kainunua Migori, na aliyemuuzia naye hajui ilikotoka."

"Watafsiri huanza kwa kusalimia watu. Wake zao, jamaa zao, wa kwao."

"Ndiyo, mama."

"Yeye alianza kwa kumsalimia nani?"

Nilitamani kumpa jina lolote. "Hakumsalimia mtu," nilimwambia. "Alianza moja kwa moja."

Mpiga debe alirudi, akashika robota moja kana kwamba jibu ameshapata. "Twende mama, Sirari, tunaondoka!" Mama Video aliutazama mkono wa yule kijana juu ya mzigo wake, kisha akalitazama lile gari, mlango wake ukiwa wazi na injini ikiunguruma. Alilitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilijitayarisha kumpandisha.

"Kama ni yeye, yuko hai na hakurudi," alisema. "Kama si yeye, amekufa. Kokote nitakakosimama, Fundi, mume sina."

Akautoa mkono wa kijana kwenye robota, taratibu, bila ugomvi.

"Nisaidie kubeba," aliniambia. "Gari la Mugumu ni lile pale, na sahani hizi nimeahidi kuzifikisha leo."

Nilibeba. Alipanda, akakaa dirishani, akahakikisha sufuria zimefungwa vizuri kwenye keria, akaniambia nimsalimie mke wangu. Magari yote mawili yaliondoka karibu pamoja. La Sirari liliondoka likiwa bado na nafasi ya mtu mmoja.